Simu moja, somo la jioni

Kwa familia ya Tukuyu au Mafinga yenye simu moja, pakua video ya somo la hesabu mapema. Chagua ubora wa picha wa 360p, ulio wa chini: dakika 10 hula takriban MB 40. Ukiiacha kwenye 1080p, ubora wa juu, bando linakata kabla somo halijaisha. Kisha zima data, maana meseji za WhatsApp zinazoingia ndizo zinazomtoa mtoto kwenye hesabu.

Mwoneshe dakika 3 tu, simamisha, afanye swali lilelile kwenye daftari bila kutazama. Akikwama, rudisha nyuma. Wengi huiacha video iende mpaka mwisho. Mtoto anaitikia kwa kichwa, kumbe hajashika kitu. Kaa naye, hata kama hukusoma sana. Muulize: “Hapa mwalimu amefanyaje?” Akieleza kwa Kinyakyusa au Kihehe, mwache aeleze.