Pug Uingereza: bei ya mbwa ndiyo gharama ndogo

Kwenye matangazo ya England, mtoto wa pug, mbwa mdogo wa uso bapa, huuzwa takriban pauni 500 hadi 1,500, na wenye karatasi za Kennel Club, chama kinachosajili mbwa, huwa upande wa juu. Wengi wetu Waafrika Mashariki tunaoishi Uingereza tunapigia hesabu hapo tu: nusu ya mshahara wa mwezi huu, nusu ya ujao, mbwa yuko sebuleni. Hesabu hiyo inaishia mlangoni kwa mfugaji. Kinachokula pesa baada ya hapo ni uso wa mbwa mwenyewe, pamoja na saa ambazo wewe uko kazini.

Uso wa pug umefupishwa kwa uzazi wa kuchagua, lakini nyama za ndani hazikufupishwa kwa kiwango hicho hicho. Kaakaa laini limebaki refu, kwa hiyo linaning'inia hadi kwenye njia ya hewa. Matundu ya pua yamekuwa kama mkato wa wembe. Meno 42, idadi ile ile ya mbwa yeyote mkubwa, yamebanwa kwenye taya fupi na mengine yamelala upande. Macho yamekaa juu juu, na ngozi iliyobaki imejikunja juu ya pua. Mwaka 2022 watafiti wa Royal Veterinary College, chuo cha udaktari wa wanyama cha London, walilinganisha pug na mbwa wengine wa Uingereza, wakakuta pug ana uwezekano karibu mara mbili wa kupata ugonjwa mmoja au zaidi ndani ya mwaka. Kwa kuziba kwa njia ya hewa kunakoletwa na pua fupi, uwezekano ulikuwa karibu mara 54. Kila mkunjo na kila tundu hapo juu lina bili yake kwa daktari wa wanyama.

Ndiyo maana siku ya kwenda kumwona mtoto, sikio ni muhimu kuliko jicho. Sheria ya England iliyoanza tarehe 6 Aprili 2020, maarufu kwa jina la Lucy's Law, inakataza dalali au duka kuuza mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita. Unanunua kwa mfugaji mwenyewe, unamwona mtoto pamoja na mama yake pale alipozaliwa, au unachukua mbwa kwenye kituo cha uokoaji. Anayekuambia "tukutane kwenye maegesho ya barabara kuu" au "tuma amana nikuletee" ama ni tapeli ama anaficha mahali watoto walipotoka. Mtoto hatakiwi kuuzwa kabla hajatimiza wiki nane, na lazima awe na chipu chini ya ngozi iliyoandikishwa kwanza kwa jina la mfugaji. Baada ya kununua, unabadilisha jina kwenye kanzidata. Ada yake ni ndogo, lakini chipu yenye taarifa za zamani inaweza kukuletea faini ya hadi pauni 500.

Sasa mama. Omba atembezwe dakika tatu kwa mwendo wa kukaza, kisha simama karibu naye bila kuongea. Pumzi ya kawaida ya mbwa aliyetembea ni ya haraka lakini haina mlio. Ukisikia mkoromo kama wa mtu aliyelala chali, au mluzi wakati wa kuvuta hewa, basi huyo mama anabanwa, na watoto wana nafasi kubwa ya kurithi. Kukoroma kwa pug si "tabia yake", hata kama video za mtandaoni zinakufanya ucheke. Mwangalie pia akiwa amelala: pug anayelala amekaa, au kidevu kimeegeshwa ukingoni mwa kitanda, au mdomoni ameng'ata mwanasesere ili taya zibaki wazi, anatafuta hewa. Akilegea kabisa, koo linajifunga na anazinduka.

Kuna kipimo rasmi cha jambo hili. Tangu 2019 Kennel Club na Chuo Kikuu cha Cambridge wanapima upumuaji wa pug: daktari anasikiliza kwa stethoskopu, mbwa anakimbizwa polepole dakika tatu, anasikilizwa tena, kisha anapewa alama 0 hadi 3. Sifuri ni safi. Tatu ni mbwa asiyefaa kuzalishwa kabisa. Hupimwa akishatimiza mwaka mmoja, kwa hiyo mtoto hawezi kuwa nayo, ila wazazi wote wawili wanaweza. Mfugaji mwenye alama 0 au 1 kwa wazazi ana haki ya kuomba bei ya juu, nami ningemlipa bila kubishana sana. Anayeomba nyongeza kwa sababu ya "rangi adimu" ni habari nyingine. Pug wa madoadoa ya merle ni dalili ya kuchanganywa na mbegu nyingine mahali fulani, na unalipa zaidi kwa kitu kisichomsaidia mbwa chochote.

Wiki za mwanzo zina manunuzi yasiyo na mjadala mrefu. Chanjo ya kwanza ni sindano mbili, pauni 60 hadi 100 zote pamoja. Kizimba cha kulalia na godoro, vyombo na karatasi za kukojolea vinaweza kufika pauni 100 ukinunua vipya. Kitambulisho chenye jina na anwani yako shingoni ni lazima kisheria akiwa hadharani. Kamba ya kutembezea ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, wenye umbo la herufi Y mbele, kamwe si shingoni: koo lenye shida tayari halihitaji kukabwa. Kuhasi dume ni pauni 200 na zaidi, jike ni ghali kuliko hapo, na kliniki nyingine hutoza zaidi kwa mbwa wa pua fupi kwa sababu usingizi wa dawa unahitaji uangalizi wa karibu mpaka azinduke kabisa.

Chakula ndicho rahisi. Pug mzima anatakiwa awe na kilo 6.3 hadi 8.1, na chakula kikavu cha gramu 100 hadi 120 kwa siku humtosha, yaani kilo tatu na nusu kwa mwezi, pauni 15 hadi 25. Pima kwa mizani ya jikoni, usipime kwa kikombe. Pug hana breki mbele ya chakula, na kila nusu kilo ya ziada inakaa pia shingoni na kuongeza kubanwa. Mabaki ya pilau na kipande cha chapati vinavyoonekana kama ukarimu ndivyo vinavyompeleka kwenye meza ya upasuaji. Kitunguu ni sumu kwa mbwa, na mchuzi gani wa kwetu hauna kitunguu?

Kwenye bima ndipo watu wanapoumia kwa kutosoma. Kwa pug tegemea pauni 30 hadi 70 kwa mwezi, kutegemea mtaa unaoishi na kiwango cha malipo. Aina ya bei nafuu hulipia ugonjwa kwa mwaka mmoja tu kisha huuacha. Kwa mbwa mwenye magonjwa ya kudumu ya macho, ngozi na pumzi, hiyo ni karibu na kutokuwa na bima. Tafuta ile ya maisha yote, ambayo kiwango chake hujazwa upya kila mwaka unapoendelea kulipa. Kisha fungua orodha ya vitu visivyolipiwa na utafute mistari ya pua fupi: kampuni nyingine hukataa upasuaji wa njia ya hewa au huweka kikomo kidogo. Angalia na kiasi unachotoa mfukoni kabla bima haijaanza kulipa, kwa kawaida pauni 100 au zaidi kwa kila ugonjwa, na asilimia utakayochangia mbwa akizeeka.

Tena kuna mtego wa tarehe. Ugonjwa ulioandikwa na daktari kabla bima haijaanza haulipiwi, na magonjwa ya siku 14 za mwanzo kwa kawaida hayalipiwi pia. Daktari akiandika siku ya chanjo "matundu ya pua membamba", wakati huna bima, umejifungia mlango wa upasuaji wa baadaye. Wafugaji wengine humkabidhi mtoto na bima ya bure ya wiki nne au tano. Bima yako ianze kabla hiyo haijaisha, isiwepo hata wiki moja wazi.

Bili zenyewe? Kumwona daktari tu ni pauni 50 hadi 70. Usiku au Jumapili ni pauni 200 na zaidi kabla dawa haijatajwa, na jicho la pug lina desturi ya kuharibika usiku. Akianza kulifumba jicho moja, machozi yakitiririka au ukaona ukungu wa bluu, nenda siku hiyo hiyo. Kidonda kwenye kioo cha jicho kinaweza kutoboka ndani ya siku chache na jicho likang'olewa. Upasuaji wa kupanua pua na kupunguza kaakaa unaweza kugharimu pauni 1,500 hadi 5,000 kulingana na hospitali na ukubwa wa tatizo. Kusafisha na kung'oa meno chini ya dawa ya usingizi ni mamia ya pauni. Kilicho bure ni mkunjo wa pua: pamba yenye maji ya vuguvugu, pitisha ndani kabisa ya mkunjo, kisha kausha kwa pamba nyingine. Kukausha ndiko watu husahau, na unyevu ndio unaoleta fangasi na ile harufu. Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha.

Wenye viza isiyoruhusu misaada ya serikali wajue hili mapema: mashirika ya hisani kama PDSA hutibu wanyama kwa bei ndogo au bure, lakini kwa kawaida huangalia kama mwenye mbwa anapokea posho fulani za serikali. Wewe huruhusiwi kuzipokea, kwa hiyo mlango huo umefungwa.

Halafu kazi. Wengi wetu tuko kwenye kea (kutunza wazee na wagonjwa), hospitali na maghala, shifti ya saa 12 ukijumlisha na basi ni saa 14. RSPCA, shirika la kutetea wanyama, inashauri mbwa asiachwe peke yake zaidi ya saa nne. Kituo cha kulelea mbwa mchana ni kama pauni 30 kwa siku; shifti tatu kwa wiki ni karibu pauni 390 kwa mwezi. Jumlisha chakula, bima na dawa ya viroboto na minyoo, umekaribia pauni 500. Mkiwa wawili wenye zamu zinazopishana, gharama hiyo karibu inafutika. Ukiwa peke yako, ndiyo hesabu ya kwanza kuiandika.

Mwenye nyumba aombwe ruhusa kwa maandishi kabla hujamlipa mfugaji amana. Kwenye nyumba ya kushirikiana, ongea pia na wenzako. Kwa Mwislamu wa pwani anayefuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, chombo kilicholambwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Jikoni la pamoja na pug anayelamba kila kitu ni ugomvi unaosubiri siku.

Na Desemba unataka kwenda nyumbani. Kumwacha kwenye malezi kwa siku 28 kwa pauni 35 ni pauni 980, bei ya tiketi nyingine. Kumchukua ni kugumu zaidi: mashirika mengi ya ndege hayapokei mbwa wa pua fupi, maana wengine hufa kwa joto na kukosa hewa njiani. Kenya na Tanzania pia haziko kwenye orodha ya nchi ambazo Uingereza inazipa masharti mepesi ya kichaa cha mbwa. Ili arudi anahitaji chipu, chanjo, kisha damu ya kupima kinga iliyochukuliwa angalau siku 30 baada ya chanjo, na kama hukufanya hayo kabla ya kuondoka, kusubiri miezi mitatu tangu damu ilipochukuliwa. Juu yake kuna dawa ya tegu, anayopewa na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia Uingereza. Anayepanga kusafiri naye Krismasi aanze kwa daktari mwezi Agosti.