Nilivyoacha plani nikahamia kwenye picha

Nilisoma usanifu majengo miaka kadhaa ila kusema kweli kilichokuwa kinanikesha si plani, ni ile picha ya mwisho ya kumwonyesha mteja, basi nikadaunlodi Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, kwa sababu ni ya bure, nikadhani wiki mbili tu ntakuwa nimeiva. Wapi! Picha zangu za kwanza zote zilionekana plastiki tupu. Kumbe tatizo ni kona. Kwenye kompyuta kona ya meza inatoka kali kama wembe, lakini kwenye maisha hamna kona ya hivyo, kila ukingo umelika kidogo, hata milimita 1 au 2, na hapo ndo mwanga unapodaka. Kamera nayo nilikuwa naipandisha juu kama ndege, siku hizi naishusha mita 1.5 hivi, usawa wa macho. Shule haikupotea lakini, maana asiyejua ngazi inapanda sentimita ngapi utamjua tu, ngazi zake za majitu. Kurenda, yaani kuiacha kompyuta itoe picha ya mwisho, ndo kunanimaliza, Cycles, injini ya Blender ya kurenda, inafuata miale ya mwanga inavyodunda huku na huku, kwa hiyo unaiacha mashine usiku kucha, unaamka unakuta ulisahau kuwasha taa ya jikoni.