Mia nne

Juzi binti wa kaka yangu, aliyekuja likizo na kompyuta yake, alisimama nyuma ya kiti changu akasoma nilichokuwa nikiandika, kisha akaniuliza: "Shangazi, mbona maneno ni mengi kuliko hesabu?" Alikuwa akitazama mistari inayoanza kwa alama ya reli (#), ile ambayo R, programu ya kukokotoa takwimu, huiruka kwa kuwa imeandikwa kwa ajili ya binadamu. Nilimjibu kwa ufupi, lakini usiku ule nilichelewa kulala, kwa sababu swali lake lilinirudisha kwenye namba 400.

Niliwahi kuandaa ripoti ya takwimu za uvuvi wa dagaa. Miaka miwili baada ya kuiwasilisha nilitakiwa kurudia hesabu zake na kuongeza takwimu mpya, na nilipofungua skripti yangu mwenyewe, yaani faili la maagizo niliyoiandikia R, nilikuta mstari huu:

d2<-d[d$v4<400,]

Mstari ulifanya nini, nilijua. Safu ya v4 ilikuwa uzito, kwa kilo, wa dagaa walioteremshwa na chombo kimoja kwa usiku mmoja, na kila usiku uliofika kilo 400 au kuzidi uliondolewa. Lakini kwa nini 400, wala si 300 au 600? Jina d2 halikuniambia kitu, na chini yake zilifuatana d3 na d4, zote bubu vilevile. Niliitazama namba ile kama mtu anayetazama sahihi yake kwenye hati asiyokumbuka kuitia sahihi. Nilipekua madaftari na barua pepe, nisipate hata neno moja. Nilichopata ni idadi: safu mlalo 23 zilikuwa zimetupwa, na wastani uliosomwa mbele ya watu ulitokana na zilizobaki.

Nilizichapisha zote 23, nikapanda bodaboda hadi mwaloni Kibirizi, Kigoma, kumtafuta mzee aliyekuwa akishika mizani siku zile. Nilimwamkia, akavaa miwani, akaweka kidole chini ya tarehe moja baada ya nyingine.

"Hizi, mwanangu, vyombo viwili vya ndugu vilipimwa pamoja," alisema, nami nikaweka alama kwenye 9. Halafu kidole kikasimama. "Hizi hapana. Hizi zilikuwa siku za giza, hakuna mbalamwezi, dagaa waliifuata taa mpaka wavuvi wakashindwa kuvuta nyavu. Hawa ni samaki wa kweli." Zilikuwa 8. Zilizobaki 6 alizitazama kwa muda mrefu kuliko zote, akanirudishia karatasi.

Basi nilikuwa nimefuta usiku bora kabisa wa wale wavuvi, na huenda siku ile nilikuwa na sababu niliyoiona wazi mno hata nisione haja ya kuiandika. Nilirekebisha hesabu, nikatuma barua ya masahihisho. Safu ya v4 sasa inaitwa uzito_kilo, na juu ya kila mstari unaoondoa kitu nimeandika kinachoondolewa kimeondolewa kwa nini, nani alisema na lini. Kile ambacho mstari unafanya sikiandiki, kwa kuwa msomaji anakiona mwenyewe.

Binti alisoma hadi mwisho, akauliza kuhusu zile 6. Nilimwonyesha mstari unaozihusu: "# Zimeachwa ndani. Sababu ya kuziondoa haikupatikana."