Wete hadi Kigomasha kwa Phoenix isiyo na gia

Kila niliyemwambia natoka Wete nakwenda Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, kwa baiskeli alikuwa na ushauri, na karibu wote mbovu. Eti nitafute baiskeli ya gia. Eti nipande gari mpaka Konde, nianzie hapo. Mmoja akaapa kuwa Phoenix ya marehemu babu itanifia kilimani. Ukiwachunguza, wote hao mara ya mwisho kukanyaga pedeli walikuwa skuli.

Vilima vya Pemba ni vingi lakini vifupi. Unateremka bila kushika breki, kasi ile ile inakupandisha nusu ya kilima kinachofuata, nusu iliyobaki unasukuma, huoni haya. Nilikwenda msimu wa karafuu. Zimeanikwa majamvini, harufu haikuachi. Konde nikapiga chapati na supu, elfu tatu nne hivi, nikajaza maji. Nawe jaza hapo.

Ukiingia msitu wa Ngezi vilima kwisha. Njia ya udongo, kivuli kizito, na mipapindi, mti ambao asili yake ni Pemba tu. Katikati ya raha hiyo tairi la nyuma likalala. Kiraka ninacho, solesheni, gundi ya kubandikia kiraka, ninayo, mpya, ya jana dukani. Naiminya, wapi! Imekauka yote.

Sasa sikilizeni. Nilichana utepe mwembamba kwenye mpira wa kufungia mizigo kwenye keria. Tyubu nikaipitisha karibu na mdomo mpaka nikausikia upepo. Pale penye tundu nikapavuta pakachomoza kama titi, nikazungushia utepe, nikazungusha tena, nikakaza kwa meno. Upepo ukatiwa nusu. Ukijaza, fundo linafyatuka. Nikaondoka na kinundu ndani ya tairi: tuku, tuku, tuku, makalio ndiyo yanayohesabu. Watoto wa Makangale walinifuata wakicheka mpaka wakachoka.

Tena kwenye mchanga wa Vumawimbi tairi lenye upepo mdogo ndilo linalopita! Mnara wa taa wa Kigomasha, uliojengwa 1900, nikauegemeza baiskeli, nikapiga picha, nikawatumia washauri wangu mmoja mmoja.

Kurudi, fundi wa Konde alipolifungua tairi alimwita mwanafunzi wake aje kuliona lile titi. Wakalisifu sana. Kisha akaniuzia tyubu mpya, na bei hakupunguza hata shilingi.