Kidhibiti cha mkondo wa shoti kwa supakondakta: nilipofikia

Sehemu ya saketi imekamilika, kwa hiyo naandika kabla sijasahau. Ninachounda ni programu ya Python inayoiga kidhibiti cha mkondo wa shoti cha utepe wa supakondakta, yaani kitu ambacho kikipozwa sana hupitisha umeme karibu bila ukinzani. Utepe wenyewe sina, na bei yake haina utani.

Kazi ya kifaa ni rahisi kuieleza. Umeme ukiwa salama, utepe umezama kwenye nitrojeni kimiminika, kelvini 77 (nyuzi -196 za Selsiasi), na mkondo unapita karibu bila ukinzani. Shoti ikipiga, mkondo unavuka kiwango ambacho utepe unaweza kubeba, hali ya usupakondakta inavunjika ndani ya milisekunde chache na ukinzani unajitokeza wenyewe. Hakuna relei ya kusubiri amri.

Laini niliyoiga ni ya kilovolti 10 yenye uwezo wa shoti wa kiloampea 20 (thamani ya rms, aina ya wastani wa wimbi, si kilele). Bila kidhibiti, kilele cha kwanza kinapita kiloampea 51, na kinafika ndani ya milisekunde 10. Breka, swichi kubwa inayokata umeme wa laini, hukata baada ya milisekunde 60 hadi 100. Maana yake breka inapofungua, transfoma na basibaa (vyuma vinene vya kugawa umeme) zimeshapigwa pigo kubwa kuliko yote. Nguvu ya kuzivuta na kuzisukuma nyaya huenda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo ukipunguza kilele hadi nusu, pigo linabaki robo. Hapo ndipo kifaa hiki kinapolipa.

Utepe nimeupa upana wa milimita 12: kiini cha Hastelloy (aloi ya nikeli), tabaka la supakondakta lenye unene wa mikromita moja au mbili, na madini ya fedha juu yake. Nimeweka njia nne sambamba, kila moja zaidi kidogo ya mita 100. Kilichonisumbua ni kanuni ya volteji. Volteji hupanda kwa mkondo uliopewa kipeo cha 30 hivi: mkondo ukizidi kiwango kwa asilimia 10, volteji inaruka mara 17. Mbinu ya kawaida ya kukokotoa ilikuwa inalipuka. Nilihamia ile inayojipunguzia hatua mambo yanapokuwa makali, ikatulia.

Shoti kamili ilienda vizuri kuliko nilivyotarajia. Kilele hakikufika hata robo ya kile cha awali, na hadi breka inafungua utepe ulikuwa na joto la juu kidogo kuliko la chumba. Ni moto kwa kitu kilichotoka kelvini 77, ila haujaungua.

Kisha nikajaribu shoti hafifu, ile ya mbali ambayo mkondo wake unazidi kiwango cha utepe kwa asilimia chache tu. Nilidhani huu ndio mtihani mwepesi. Hapana! Utepe halisi haulingani mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo nilikuwa nimeweka kipande cha sentimita 2 chenye uwezo pungufu kwa asilimia 5. Kipande hicho peke yake ndicho kilichovunjika. Mita zote zilizobaki ziliendelea kupitisha mkondo kana kwamba hakuna lililotokea, na ukinzani wa sentimita 2 hautoshi kuupunguza.

Tofauti iko kwenye nani anayeamua joto. Katika shoti kamili utepe wote umebeba volteji ya laini: ukinzani ukipanda, joto linalozalishwa linapungua. Katika shoti hafifu ni mkondo ulioshikiliwa na laini: ukinzani ukipanda, joto linaongezeka, nalo linapandisha ukinzani zaidi. Na joto hilo husambaa polepole mno kwenye utepe wa aina hii, sentimita chache kwa sekunde au pungufu, kwa hiyo majirani hawaamki kusaidia. Kwenye grafu, kipande kile kilipita kelvini 600 kabla ya breka kufungua, huku sentimita 10 pembeni utepe ukiwa bado kelvini 77.

Tiba niliyoanza nayo ni kuongeza unene wa fedha. Kipande dhaifu kinachelewa kupanda joto, lakini ukinzani wa utepe wote unashuka, hivyo nalazimika kurefusha utepe. Sasa natafuta unene ambao shoti zote mbili zinauvumilia bila urefu kupindukia.

Vifaa halisi vipo, na ndiyo maana siachi. Essen, Ujerumani, kimoja kiliwekwa mwaka 2014 pamoja na kebo ya supakondakta ya kilovolti 10 yenye urefu wa kilomita moja. Moscow kiliwashwa cha kilovolti 220 mwaka 2019.

Hatua inayofuata ni kupoa. Utepe ukiwa moto, nitrojeni inayochemka huuzungushia tabaka la mvuke linalozuia joto kutoka, na kurudi kazini kunachukua sekunde kadhaa. Breka nyingi hujirudisha, yaani huwasha tena umeme, mapema kuliko hapo. Nitaiga breka inayojirudisha utepe ukiwa bado na joto, nione unabeba mzigo wa kawaida au unavunjika tena.