Gramu Tatu

Bahasha yangu ilinirudia mwaka 1974, ikiwa imekunjwa ndani ya bahasha nyingine. Niliujua mwandiko wangu mara moja. Nisichokijua ni yale mengine yaliyoongezwa juu yake: herufi kubwa T iliyopigwa kwa muhuri, pembeni yake namba juu ya namba kama sehemu za hesabu za darasani, na stempu za nchi ya rafiki yangu ambazo sikuzibandika mimi.

Tulikuwa marafiki wa kalamu, hatujawahi kuonana. Safari ile nilikuwa nimemwandikia kurasa nne na kumtilia picha mbili. Nikabandika stempu za barua moja ya meli, zilezile za siku zote, nikaitumbukiza kwenye sanduku la posta bila kuipima. Sasa akaniandikia, kwa upole kabisa, kwamba mleta barua alisimama mlangoni kwake na hakumkabidhi mpaka alipe. Alikuwa na haki ya kuikataa. Akalipa. Baadaye akaipima mwenyewe: gramu 23.

Niliona haya mpaka sikuweza kumaliza kusoma. Mtu amenunua barua yangu! Nikaichukua ile bahasha mpaka posta.

Karani wa dirishani alikuwa mtu mzima mwenye miwani, na kwa bahati hapakuwa na foleni. Aliilaza bahasha juu ya kaunta, akaweka ncha ya kalamu kwenye ile sehemu. Ile T, akasema, ni alama kwamba nauli imepungua. Namba ya chini ni nauli ya barua ya kwanza ya nje kutoka kwetu, yaani ile isiyozidi gramu 20. Ya juu ni kile ulichopunguza, mara mbili. Karani wa kule hahitaji kujua fedha yetu ina thamani gani: anachukua nauli ya kwao ya barua kama hiyo, anaizidisha kwa sehemu hii, anapata deni kwa fedha ya kwao. Basi.

Nimekaa na hesabu hiyo miaka yote hii na bado naiona nzuri sana. Watu wawili wasiojuana, kila mmoja na sarafu yake, wanaelewana kwa herufi moja na namba mbili.

Kumbe ndiyo kazi ya ule Umoja wa Posta Duniani ulioanza Bern, Uswisi, tarehe 9 Oktoba 1874, nchi 22 zilipotia sahihi. Mwaka ule tuliokuwamo ulikuwa unatimiza miaka 100, na nchi nyingi zilitoa stempu za ukumbusho. Kabla ya hapo, karani alinieleza, nauli ilifuata njia. Barua ikipita nchi tatu, kila moja inadai chake, na ukibadilisha njia bei inabadilika. Mkataba ukazifanya nchi zote wanachama kuwa eneo moja la posta. Mwanzoni kikomo cha uzito wa barua ya kwanza kilikuwa gramu 15. Mkutano wa Roma wa 1906 ndio uliozifikisha 20, gramu ambazo mimi nilizivuka kwa tatu tu.

Nikamwambia nataka kumrudishia rafiki yangu fedha yake, nitie noti ndani ya barua. Akatikisa kichwa: noti haziruhusiwi kwenye barua ya kawaida, ni lazima iwe rejista.

"Hiyo nyingine ni nini?" akauliza.

Ndani ya barua ya rafiki yangu kulikuwa na karatasi ndogo niliyodhani ni risiti, imeandikwa maelezo kwa lugha kadhaa, ina muhuri wa posta ya kwao upande mmoja. Karani akaishika kwa vidole viwili, akatabasamu. Ilikuwa kuponi ya kimataifa ya kujibia barua, nayo ilianzishwa na mkutano uleule wa Roma. Anayeandika, akanieleza, anainunua kwake, anayejibu anaipeleka posta yoyote ya nchi mwanachama, anapewa stempu za kutosha barua moja ya kwanza kwenda nje. Yaani mtu aliyelipishwa deni langu alikuwa amenilipia na jibu.

Nikaandika palepale, nimesimama kwenye meza ya pembeni yenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Ukurasa mmoja, hakuna picha. Karani akauweka kwenye mizani akaniita nije nione mwenyewe mshale umesimama wapi. Akagonga muhuri juu ya kuponi, akachana stempu.

"Hii inalipia meli," akasema. "Ni wiki kadhaa. Ukitaka ndege, tofauti unaongeza wewe."

Nikatoa sarafu zote nilizokuwa nazo, nikazihesabu mbele yake. Zilitosha. Akanipa ile karatasi ya buluu ya barua za ndege, nikaibandika mwenyewe kwenye pembe ya kushoto.