Tumbo lililonyamaza Pongwe

Alikuwa ng'ombe chotara wa maziwa, bandani kwa mama mmoja wa Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga. Jioni kanyunyiziwa dawa ya kupe. Asubuhi kainamisha kichwa, mabingobingo hayajaguswa, ubavu wa kushoto umetuna.

"Bwana mifugo, huyu kalishwa kitu," mama akaniambia.

Nilikandamiza ngumi kwenye kishimo cha ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu, nikangoja dakika 2. Tumbo kubwa la ng'ombe mzima hujikunja mara 2 hadi 4 kwa muda huo, na ngumi huinuliwa. Pale haikuinuka hata mara moja. Moyo ulipiga polepole, mboni zilikuwa pana, hakukuwa na udenda wala kuhara.

Jirani alikwishaleta atropini. Nilimwomba airudishe. Hiyo ni ya sumu za oganofosfati, aina ya dawa za wadudu zinazozuia asetilikolini, kemikali ya neva, isivunjwe: ng'ombe hutokwa na mate ovyo, huharisha, mboni husinyaa. Chupa ya dawa ya kupe iliyokuwa bandani ilikuwa ya amitrazi, asilimia 12.5, nayo ni habari nyingine kabisa. Amitrazi hukalia vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe, vya noradrenalini, kemikali inayotumiwa na ubongo na neva. Vikishakaliwa, ncha za vagasi, neva itokayo ubongoni hadi tumboni, hubana asetilikolini, na asetilikolini ndiyo inayoliamuru tumbo lijikunje. Ukichoma atropini unaziba hata kile kidogo kilichobaki. (Zailazini ya kutulizia ng'ombe hupita njia hiyohiyo, ndiyo maana aliyechomwa hiyo halazwi ubavu, atajaa gesi.)

Tumbo lisipojikunja, ng'ombe habeui, na gesi hutengenezwa makumi ya lita kwa saa.

Kipimo cha dawa ile kilikuwa mililita 2 kwa lita ya maji, yaani 40 kwa ndoo ya lita 20. Kijana wa banda alijaza kikombe cha chai, karibu mililita 200. Mara tano!

Tulimwosha kwa sabuni na maji mengi, kisha tukamkausha kwa magunia, maana amitrazi hushusha joto la mwili. Tulimsimamisha kichwa kikielekea upande wa juu, tukamwekea kijiti mdomoni, tukapitisha mpira hadi tumboni. Kabla ya kuusukuma mpaka mwisho nilinusa ncha ya nje: harufu ya majani yaliyochacha ni tumbo, pumzi inayokwenda na kurudi ni mapafu, uchomoe mara moja. Yohimbini, inayoondoa amitrazi kwenye vipokezi, haikupatikana duka lolote la mifugo, kwa hiyo ilibaki kutoa gesi na kusubiri mwili uisafishe.

Kesho yake ngumi iliinuliwa, kwa unyonge. Mama alitaka ampe pumba ya mahindi apate nguvu. Nilikataa: wanga ndani ya tumbo lililolegea huchacha na kuwa asidi. Alipewa majani ya Guatemala yaliyokatwakatwa, kidogo kidogo, hadi alipoanza kucheua. Maziwa yote ya siku hizo yalimwagwa.